Dakika Saba za Mama Mkwe

Mama mkwe alipomaliza kusema alinikabidhi kipaza sauti taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto aliyelala. Kilikuwa bado na joto la viganja vyake. Mbele yetu, nyuma ya meza tatu zilizotandikwa vitambaa vya bluu, wabunge wanane waliacha kumtazama yeye wakaanza kunitazama mimi. Kalamu zao zilikuwa zimesimama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameelewa neno.

Nyuma yangu, kwenye viti vya plastiki, walikaa watu kama sitini wa Kinyangiri na vijiji vya jirani. Hao walikuwa wameelewa yote.

Ghala la kiwanda lilikuwa limefagiliwa tangu alfajiri, lakini harufu ya mashudu ya alizeti haifagiliki. Ilikuwa imetuingia kooni. Juu ya meza ya katibu kulikuwa na kifaa cha kurekodi chenye taa nyekundu isiyopepesa. Kando ya mlango, mikono ameifunga kifuani, alisimama Chediel, meneja wa kiwanda. Hakunitazama. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mwalimu," mwenyekiti wa kamati alisema kwa upole, "mama anasemaje?"

Ni miaka miwili sasa tangu swali lile, na bado nikiulizwa jambo dogo tu, bei ya nyanya au saa ngapi, kuna mara ambazo nalirudia swali moyoni kwanza kabla sijajibu.

Mimi si Mnyiramba wa kuzaliwa. Nilizaliwa Kilimatinde, nikakulia kwenye Kigogo cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya misheni, na nilikuja Mkalama na barua ya ajira na sanduku moja la bati. Nilipoolewa na Hosea, nilimkuta mama yake, Redempta, ana Kiswahili cha sokoni na cha kanisani: cha kununulia chumvi na cha kuitikia amina. Mambo mazito aliyasema kwa Kinyiramba, na hakuona haki mtu aishi nyumbani mwake bila kuyajua mambo mazito. Kwa hiyo alinifundisha. Namna yake ya kufundisha sijaiona chuoni. Alikuwa akinituma kitu kwa jina la Kinyiramba, na nikikosea hakunisahihisha. Alikitumia hichohicho nilicholeta. Akiagiza ungo nikamletea sufuria, alianza kupepeta kwa sufuria, uso mkavu kabisa, makapi yakimrukia kichwani, mpaka mimi mwenyewe nishindwe kujizuia kucheka niende kutafuta upya. Mwaka wa nne nikaanza kuota ndoto kwa Kinyiramba. Siku nilipomjibu mzaha kwa mzaha, aliwaita majirani waje wanisikie.

Lugha niliyokuja kuitumia dhidi yake alinipa yeye mwenyewe, neno kwa neno, miaka yote hiyo.

Kiwanda cha mafuta ya alizeti kilijengwa pembezoni mwa kijiji, na Hosea akapata kazi ya kuchochea boila. Misimu miwili kabla ya kamati kuja, Chediel alileta mashine ya kupanga madaraja. Ilikuwa kabati la chuma lenye taa nyeupe na kamera ndani. Unamimina kopo moja la mbegu zako juu ya mkanda, zinapita chini ya taa, na kwenye kioo panaandikwa daraja la kwanza, la pili au la tatu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mtu wa mizani, ambaye alizivunja mbegu kwa meno akakutajia daraja kulingana na mbegu na kulingana na ukoo wako. Chediel alituambia mashine hii inatumia akili unde, haina shemeji wala jirani. Watu walifurahi. Hata mama mkwe alifurahi.

Kisha ikampa daraja la tatu. Akachambua upya, akapepeta, akarudi. La tatu. Msimu uliofuata ikawa hivyohivyo. Yeye analima mbegu ya zamani aliyoachiwa na mama yake, yenye michirizi myeupe, wakati karibu kijiji kizima kimehamia mbegu nyeusi za dukani. Alichukua gunia moja akalipeleka kwa mkamuaji mdogo, akakaa palepale mpaka tone la mwisho, kisha akarudi kiwandani na chupa ya mafuta mkononi kama ushahidi. Kijana wa mizani akamwambia, "Bibi, siyo mimi, ni mashine."

"Basi niitie huyo mashine," akasema.

Watu walilicheka jambo hilo wiki nzima. Yeye hakuwa ametania.

Jioni ya kuamkia siku ya kamati, Chediel alikuja nyumbani. Mama mkwe alikuwa kwenye kwaya. Meneja alikataa chai, akakaa ukingoni mwa kiti, akazungumza na mimi na Hosea kama anayezungumza na ndugu. Alisema huko Dodoma kuna muswada: viwanda vinavyoweka mashine za namna ile vipunguziwe kodi na kudhaminiwa na Serikali kwenye mikopo. Ila baadhi ya wabunge walitaka kiongezwe kifungu, kwamba popote mashine inapoamua juu ya mali au kazi ya mtu, lazima awepo binadamu wa kusikiliza malalamiko, mwenye mamlaka ya kutengua. Wenye viwanda walikuwa wanakipinga. Kamati ilikuwa inazunguka kuona hali halisi kabla ya kuandika taarifa yake, na kijiji kilikuwa kimenichagua mimi niwatafsirie wazee.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimeshafunga kiwanda kimoja maishani mwangu. Nilizima taa mwenyewe, nikawapa watu mikono mlangoni. Kamati hii ikiondoka na picha mbaya, msimu ujao siwashi boila."

Hakunitisha. Angenitisha ningekuwa na mtu wa kumsingizia.

Alipoondoka, Hosea alikaa akiutazama mkono wake, kucha zilizokuwa hazitakati masizi hata akisugua kwa jiwe. Mwishowe akasema, "Mama anaongea sana. Wewe unajua kufupisha."

Basi kesho yake, ndani ya ghala, mama mkwe alisimama akaongea. Alianza kwa kujitambulisha: jina lake, la baba yake, na shamba lake lilipo mpaka kwenye mti wa mpakani. Hiyo peke yake ilichukua dakika nzima. Akasema hakuja kuikataa mashine. Akasema mtu wa mizani wa zamani alipendelea ndugu zake na hilo lilikuwa baya, ila yule angalau ungeweza kumgombeza. Sauti yake haikupanda. Aliongea kama anavyoongea akigawa chakula, akihakikisha kila sahani imepata.

"Aliyeifundisha mashine hii hakuiona alizeti yangu," alisema. "Ameionyesha nyeusi peke yake. Sasa ikiona mstari mweupe inadhani ni ukungu. Siilaumu. Hata mtoto anajua kile alichofundishwa. Lakini nikiuliza, naambiwa hakuna wa kuulizwa. Mimi nataka mtu. Akae pale kwenye mizani, awe na masikio, na awe na ruhusa ya kusema mashine imekosea."

Nyuma yangu niliwasikia watu wakiguna kukubali. Mwanamke mmoja alisema "ndiyo hivyo" kwa sauti ya chini. Kisha kikaja kipaza sauti mikononi mwangu, na mwenyekiti akiniuliza mama anasemaje.

Nilisema: "Mama anaishukuru kamati kwa kufika. Anasema mashine imeondoa upendeleo uliokuwepo zamani. Anaomba Serikali iendelee kukisaidia kiwanda."

Sentensi tatu. Kila moja ilikuwa na kipande cha ukweli ndani yake, na ndiyo maana zilitoka bila kukwama. Nikasikia migongo ikiegemea viti. Nilisubiri mtu yeyote akohoe, asimame, aseme mwalimu amesahau. Watu sitini. Wengi wao walikuwa na mume, mtoto au kaka anayevaa ovaroli ya kiwanda. Hakuna aliyekohoa.

Mbunge mmoja wa viti maalumu, Mheshimiwa Winfrida, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hakuwa ameandika. "Ameongea muda mrefu, Mwalimu. Ni hayo tu?"

"Amefafanua sana, Mheshimiwa. Kwa ufupi ni hayo."

Akamgeukia mama mkwe, akasema Kiswahili cha polepole, kila neno peke yake. "Mama. Umesikia alivyosema mkweo. Ndivyo ulivyosema?"

Hapo ndipo nilipotambua nilichokuwa nimekisahau, au nilichojifanya kukisahau. Kiswahili cha sokoni kinatosha kabisa kuelewa sentensi tatu.

Mama mkwe alinitazama. Haikuwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyekutana naye njiani, amekusalimia kwa jina, na wewe unajaribu kukumbuka mlionana wapi. Nilijua akisema hapana, kila kitu kitaanguka: mimi, Hosea, boila. Nilijua pia kwamba nusu yangu ilitamani aseme.

"Andikeni alivyosema," akajibu kwa Kiswahili.

Kalamu zikaanza kwenda.

Baada ya kikao kulikuwa na soda na maandazi. Watu walinipa mkono kuliko kawaida. Baba mmoja ambaye wanawe wawili wako kiwandani aliushika mkono wangu muda mrefu akasema, "Umetuokoa, Mwalimu," na mimi nikamwambia asante, kwa sababu sikujua kingine cha kusema. Mama mkwe alikuwa ameshaondoka, kwa miguu, peke yake, na soda yake hakuigusa.

Nilipofika nyumbani alikuwa anaosha vyombo uani. Nilimsalimu kwa Kinyiramba. Akaitikia kwa Kiswahili. "Mama Noel," akaniita kwa jina la mwanangu, "maji imeisha. Leta ingine." Nikadhani amechoka. Asubuhi akaniambia kwa Kiswahili kwamba mbuzi imeingia kwenye mihogo. Mchana akaniuliza kwa Kiswahili kama nimekula. Aliyatafuta maneno kwa taabu, akiyakosea, akisimama katikati ya sentensi kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, lakini hakurudi nyuma hata mara moja. Siku ya tatu sikuweza tena. Nikamuuliza kwa Kinyiramba kwa nini ananifanyia hivyo.

"Nakupunguzia kazi," akasema. "Ya kutafsiri."

Na akaendelea kukwangua sufuria.

Hosea aliona. Katika nyumba ya vyumba vitatu hakuna kisichoonekana. Yeye alisemeshwa Kinyiramba kama siku zote, na mimi nikikaa pale kando kama mgeni wa siku moja, nikielewa kila neno. Tulizidi kuwa na adabu, sote watatu. Shikamoo, marahaba, karibu chakula, ahsante. Nilikuwa sijajua kwamba adabu inaweza kumchosha mtu kuliko matusi.

Wiki ya pili simu iliita nikiwa nasahihisha madaftari. Ilikuwa namba nisiyoijua. Mtu alijitambulisha kama Alphonce, wa sekretarieti ya kamati, Dodoma. Sauti yake ilikuwa ya mtu makini, aliyezoea kukaa na makaratasi.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Tunaandaa kumbukumbu za kikao. Siku hizi tunasaidiwa na kompyuta, inasikiliza sauti inaandika. Kiswahili imeandika vizuri. Ila pale kwa mama imeandika vitu havina kichwa wala miguu. Imelazimisha Kiswahili mahali ambapo hakuna."

"Ni Kinyiramba," nikasema.

"Najua. Mimi ni mtu wa Songea, siwezi kusaidia. Tatizo langu ni hili, Mwalimu. Hapa nina dakika saba za mama. Na nina sekunde ishirini zako."

Nje, darasa la pili walikuwa wakikariri jedwali la saba.

"Sikulaumu," akaendelea. "Kwenye kikao mtu anafupisha. Lakini kumbukumbu za Bunge zinabaki. Nakutumia sauti yake kwenye simu. Naomba uniandikie tafsiri kamili, sentensi kwa sentensi, utie saini kwamba ndiyo sahihi. Kama ni sawa na ulivyosema siku ile, hakuna shida, andika hivyohivyo urefu wake ukamilike. Ila nahitaji kabla ya Ijumaa. Taarifa inaingia bungeni wiki ijayo."

Kama ningemwuliza mtu yeyote siku ile, angeniambia kuna njia nyepesi. Ningeweza kuzitandaza sentensi zangu tatu zijae ukurasa. Shukrani nyingi, upendeleo wa zamani kwa mifano, maombi kwa Serikali. Nani angejua? Kompyuta haijui Kinyiramba. Bwana Alphonce hajui. Nilikaa na kalamu mkononi siku mbili, na kweli, mara ya kwanza, niliandika hivyo. Niliandika ukurasa mmoja na nusu wa uongo msafi, wenye aya na nukta, ambao ningempa mwanafunzi alama zote. Nikausoma. Ulikuwa Kiswahili fasaha kuliko chochote nilichowahi kuandika, na ndani yake hakukuwa na mtu.

Alhamisi mchana nilirudi mapema. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anachambua mbegu za kupanda, zile za michirizi, akitupa pembeni zilizotobolewa na wadudu. Nikakaa mkekani bila kukaribishwa. Nikaiweka simu katikati yetu, nikabonyeza.

Sauti yake ikatoka uani kwake mwenyewe: jina lake, la baba yake, mti wa mpakani. Mikono yake ilisimama. Hakuwahi kuisikia sauti yake iliyorekodiwa. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, na pale sauti yangu ilipoanza na sentensi zake tatu, alinyoosha kidole akakigusa kioo cha simu kwa wasiwasi, kama anayetafuta mahali pa kuizimia. Nikaizima.

"Wameniomba niandike upya," nikasema. Nilisema kwa Kiswahili. Kinyiramba sikuwa na haki nacho. "Yote. Nataka unisaidie, Mama. Nisije nikakosea."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hatajibu. Kisha akasema, "Anza."

Tulianza. Nilicheza sentensi moja, nikaandika, nikamsomea. Akitikisa kichwa nilifuta. Alikuwa mgumu kuliko mkaguzi yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu. Mahali nilipoandika "ndugu" alitaka iandikwe "watoto wa dada yake", kwa sababu ndivyo alivyosema na ndivyo ilivyokuwa. Mahali nilipoandika "ukungu" alikubali. Tulipofika karibu na mwisho nilisoma, "Naomba awepo mtu."

"Nani kaomba?"

"Ni adabu tu, Mama. Wabunge huwa tunawaambia hivyo."

"Cheza."

Nikacheza. Sauti yake ikasema, wazi kabisa, nataka.

"Mimi nilienda kuomba?" akauliza. "Kuomba nakujua. Naomba kanisani." Akarudisha macho kwenye mbegu. "Andika."

Nikakata, nikaandika. Jua lilikuwa limeshainama tulipomaliza, kurasa tano. Nilisaini mbele yake, nikazipiga picha, nikamtumia Alphonce kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Chini nilikuwa nimeongeza mstari mmoja kwa mkono wangu: tafsiri niliyoitoa siku ya kikao haikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu, si la mama.

Hosea nilimwambia akiwa bado na ovaroli, kabla hajanawa.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungesemaje?"

Alifikiri. Ni mtu mkweli, Hosea, hata pale ukweli unapomwumiza. "Ningesema usipeleke."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Aliingia bafuni, akakaa huko muda mrefu, maji yakimwagika.

Mjadala tuliusikiliza kwenye redio Jumatano, saa kumi na moja jioni. Chediel alikuwa ameshapata habari. Nani alimwambia sijui. Hakuja nyumbani wala hakupiga simu, na hilo lilinitia hofu kuliko angekuja. Hosea alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mama mkwe aliivuta redio karibu na goti lake.

Kwa saa nzima walizungumza mambo makubwa. Viwanda, ajira, nchi jirani zilivyotutangulia, akili unde, vijana, kodi. Mmoja alisema tukichelewa tutabaki kuwa soko la wenzetu, na wakagonga meza. Mwingine akasema mashine ikimwonea mwananchi amshitaki nani, wakagonga meza pia. Kisha Spika akamwita Mheshimiwa Winfrida, naye akasimama kuwasilisha mapendekezo yake ya kifungu.

Hakuhutubia. Alisoma. Alilisoma jina la mama mkwe, la baba yake, la kijiji, na mti wa mpakani akausoma. Nilimwona mama mkwe akijiweka sawa kwenye kigoda kama anayepigwa picha. "Aliyeifundisha mashine hii," redio ikasema kwa sauti ya mwanamke wa mbali, "hakuiona alizeti yangu." Ukumbi ukatulia. Hata ndani ya redio unausikia utulivu.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika."

Mbunge mwingine akasimama. Akasema anamheshimu sana mchangiaji, lakini je, tutatunga sheria ya nchi nzima kwa ajili ya alizeti ya bibi mmoja? Wakacheka, siyo wote.

"Mheshimiwa Winfrida, unaipokea taarifa?"

"Siipokei, Mheshimiwa Spika. Huyo bibi mmoja ana jina na nimelitaja. Mheshimiwa anayesema hakutaja bibi wa kwake hata mmoja."

Meza ziligongwa mpaka redio ikakwaruza. Waziri akajibu kwa upole. Akasema hoja ni nzito na yenye nia njema, ila mahali pake ni kwenye kanuni zitakazotungwa baadaye, siyo kwenye sheria mama. Akaomba kifungu kisiongezwe. Wakahojiwa. Wanaoafiki wakasema ndiyo. Wasioafiki wakasema siyo, na ile siyo ikajaa ua wetu wote, ikawatimua kuku.

Muswada ulipita dakika chache baadaye. Viwanda vilipata vilichokitaka. Kifungu hakikuwemo.

Mama mkwe akaizima redio. "Wamegonga meza," akasema, "halafu wamekataa."

"Ndiyo, Mama."

"Wana meza nzuri."

Hosea alicheka bila kutaka, mara moja, kisha akafunika uso kwa kiganja, akakaa hivyo.

Yaliyofuata hayakuja kwa kishindo. Boila iliwashwa msimu uliofuata, kwa sababu msaada ulipita, lakini orodha ya wachochezi ilipobandikwa getini jina la Hosea halikuwepo. Hakuna aliyemfukuza, mkataba wake ulikuwa wa msimu, na msimu ulikuwa umeisha. Alipata kazi kwa mkamuaji mdogo kule Iguguno, anatoka asubuhi kwa baiskeli. Mkono wake umeanza kutakata. Yule baba wa watoto wawili akikutana nami hunisalimu akitazama pembeni. Wengine wamesahau, au wameona ni nafuu kusahau. Kinyiramba hakikurudi nyumbani kwetu kwa siku moja ninayoweza kuitaja. Kilirudi kidogokidogo, na siyo chote. Mpaka leo kuna mambo mama mkwe huniambia kwa Kiswahili, na mimi hufahamu ni kwa nini.

Na Chediel aliweka meza. Sijui kama ni kwa sababu jina la kijiji lilisomwa bungeni na watu wakaanza kumpigia simu, au kwa sababu usiku fulani alikumbuka kile kiwanda alichokifunga. Aliiweka kando ya mizani, na viti viwili, na karatasi iliyobandikwa ukutani: Malalamiko ya Madaraja. Tulipopishana sokoni alisema tu, "Mwalimu, ungeniambia mimi kwanza." Nilimjibu kwamba mama alishasema kiwandani kwake, na chupa akaipeleka. Akatikisa kichwa polepole, akaenda zake.

Mwezi wa sita uliopita nilimsindikiza mama mkwe na magunia yake. Mkanda ulizunguka, taa nyeupe ikamulika michirizi, kioo kikaandika daraja la tatu. Hakusema kitu. Alijaza kopo kutoka gunia lilelile, akalibeba mpaka kwenye ile meza. Nyuma yake alikaa kijana mgeni, Antipasi, aliyeletwa kutoka Singida mjini, shati limepigwa pasi, daftari mbele yake bado jipya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akaitikia, na palepale akaanza kwa Kinyiramba, haraka, kidole kikipigapiga ukingo wa kopo.

Yule kijana alisikiliza kwa heshima kwa muda. Kisha macho yake yakanihamia mimi, niliyesimama hatua mbili nyuma, kama yalivyowahi kunihamia macho ya watu wengine.

"Mama, samahani," akaniambia. "Bibi anasemaje?"

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu. Mama mkwe hakugeuka, lakini kidole chake kilikuwa kimetulia.

"Kiswahili anakijua," nikasema. "Muulize mwenyewe."

Kijana akavuta kiti cha pili akakisogeza mbele. Mama mkwe akakaa, akapanga kanga yake vizuri, akaliweka kopo katikati ya meza, akaanza tena, kwa Kiswahili, kutoka kwenye jina la baba yake.